Maili 5,000 za John Stephen Akhwari

Kuna sentensi moja ya michezo ambayo Watanzania wengi tuliopita shule tumeisikia. Tarehe 20 Oktoba 1968, jijini Mexico City, John Stephen Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi wa marathoni kumaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio. Ilimtuma kwenda kuzimaliza.

Nimeisikia kwa mwalimu wa zamu mstarini asubuhi, kwa mgeni rasmi kwenye mahafali, kwa mchungaji, na kwa mhamasishaji mmoja aliyekuwa akitufundisha kuuza vipodozi kwa mtandao. Sasa niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya fasihi, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma sentensi za watu na kuuliza zinafanya kazi gani. Kwa hiyo naomba niisome na hii, kama ninavyosoma ubeti au mstari wa tamthiliya. Anayehojiwa hapa si Akhwari. Ni sisi tunaomsimulia.

Tuanze na hizo maili. Chukua ramani upime. Kutoka Dar es Salaam hadi Mexico City, kwa mstari ulionyooka kama ndege angekuwa na mafuta ya kutosha, ni kama kilomita 15,000, yaani zaidi ya maili 9,000. Maili 5,000 hazikufikishi. Ziko pia simulizi zinazosema maili 7,000, nazo hazitoshi. Namba inayobadilika kutoka mdomo hadi mdomo inatuambia kitu: sentensi hii imepita mikono mingi kabla ya kutufikia. Mkono mmoja uliofanya kazi kubwa ni wa Bud Greenspan, Mmarekani aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutengeneza filamu za Olimpiki, na ambaye aliwapenda sana wanamichezo wasioshinda. Filamu zake zilimpeleka Akhwari duniani kote, kwa Kiingereza. Kisha dunia ikaturudishia Akhwari wetu, nasi tukamtafsiri kwa Kiswahili tukambandika ukutani.

Sina nia ya kusema Akhwari hakutamka maneno yale. Ninachosema ni kwamba tunachokariri ni tafsiri, na tafsiri ikiingia katika lugha mpya huanza maisha mapya. Katika Kiingereza uzito wa sentensi uko kwenye kuanza na kumaliza. Katika Kiswahili, mimi nasikia zaidi neno la kabla ya hapo: kutuma.

Kutuma ni neno la nyumbani. Mtoto hutumwa chumvi dukani, na akirudi mikono mitupu lazima awe na maelezo: duka limefungwa, hela imepotea. Hawezi kurudi akasema tu kwamba amechoka njiani. Aliyetumwa ana deni kwa aliyemtuma. Ndiyo maana neno hili lina ukoo mpana na wenye mivutano: mtume ni wake, mtumishi ni wake, na mtumwa pia ni wake. Mtu anayetumwa na Mungu, mtu anayeajiriwa na umma, na mtu aliyenyang'anywa uhuru wake, wote wametoka kwenye kitenzi kimoja. Kwa hiyo Akhwari anaposema kwa Kiswahili chetu kwamba nchi ilimtuma, anajiweka mahali fulani katika ukoo huo, na sisi hatujawahi kuuliza ni wapi.

Kumbuka ulikuwa mwaka gani. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, miezi 20 tu kabla ya mbio zile. Nchi changa, ambayo Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Tokyo mwaka 1964, ilikuwa ikijifunza kusema "sisi". Kutumwa na nchi wakati huo halikuwa pambo la hotuba. Mwalimu alitumwa kijijini asikokujua, daktari alitumwa wilaya isiyo na barabara, na mwanariadha wa Mbulu alitumwa Mexico. Sentensi ya Akhwari ni ya enzi ile kabisa, na ninaipenda kwa sababu hiyo. Tatizo langu linaanza pale tunapoitoa katika enzi yake na kuifanya dawa ya kila mtu anayetaka kupumzika.

Sasa tuitazame ile filamu. Kipande kinachozunguka ni kifupi. Ni usiku. Mtu mmoja anakimbia kidogo, anatembea, anakimbia tena, bendeji imeanza kulegea mguuni. Uwanja umebaki na watu wachache, nao wanampigia makofi. Sauti ya msimulizi imekaa juu ya picha. Kama kazi ya sanaa, kipande hicho kinajua kinachokitaka: kinataka giza, jeraha na makofi, na kimevipata vyote vitatu.

Kisichoonekana ni mbio zenyewe. Mexico City iko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake iliwatesa wengi. Karibu na kilomita ya 19 wanariadha walikuwa wakigombania nafasi, Akhwari akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea. Kati ya watu 75 walioanza, 57 walimaliza, naye alikuwa wa 57, kwa muda wa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Hebu rudi kwenye neno hilo: wakigombania nafasi. Mtu aliyekwenda "kumaliza" tu hana haja ya kugombania nafasi na yeyote. Angekaa pembeni awaache wenye haraka wapite. Akhwari aliumia kwa sababu alikuwa ndani ya mashindano. Alikuwa na umri wa miaka 30, na alikuwa amekwenda kukimbia kama wenzake wote walivyokwenda kukimbia.

Na hapa ndipo simulizi yetu inapomdhulumu. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5, akawa wa tano. Ron Hill wa Uingereza alishinda kwa saa 2:09:28. Weka namba mbili za Akhwari kando kwa kando: 3:25:27 na 2:15:05. Zinapishana kwa zaidi ya saa 1 na dakika 10. Ile ndogo ndiyo inayotuambia alikuwa mkimbiaji wa aina gani. Ile kubwa inatuambia siku moja ilimwendeaje. Tumeichagua ile kubwa, tukaifanya jina lake. Sijawahi kumsikia mgeni rasmi akitaja Edinburgh.

Kwa nini? Nadhani kwa sababu jeraha ni rahisi kulisimulia kuliko kasi. Kasi inataka msikilizaji ajue kitu: 2:15:05 ni nini, wengine walikuwa na ngapi, mtu anaifikiaje bila viatu vya maana wala kocha wa kudumu. Jeraha halidai maarifa. Kila mtu ana goti.

Siku ileile, tarehe 20 Oktoba, jirani yetu Kipchoge Keino wa Kenya alishinda mbio za mita 1,500, akimwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde 3. Keino naye alikuwa mgonjwa. Nyongo ilikuwa inamsumbua kiasi kwamba siku chache kabla alianguka katika mbio za mita 10,000. Hadithi yake nayo ina maumivu, lakini angalia yamewekwa wapi: maumivu ya Keino ni utangulizi, kitabu chenyewe ni ushindi. Kwa Akhwari tumechapa utangulizi peke yake, tukauita kitabu.

Kuna pia Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa Roma 1960 na Tokyo 1964, ambaye katika marathoni hiyohiyo ya Mexico aliacha akiwa na jeraha kabla hata ya kufika nusu. Hakuna anayesema Bikila alikosa moyo. Hakuna mwalimu anayesimama mstarini na kuwaambia watoto wasiwe kama Bikila. Alijua mguu wake umekataa, akasimama, na utukufu wake haukupungua hata chembe. Na mshindi wa siku ile, Mamo Wolde, mwenzake Bikila? Alimaliza kwa 2:20:26, na uwanja wote ulimwona. Miaka mingi baadaye alishtakiwa kuhusika na mauaji ya enzi ya Dergi, mashtaka aliyoyakana, akakaa gerezani karibu miaka 9. Aliachiwa mwaka 2002 na kufariki mwaka huohuo. Maisha ya Wolde hayaingii kwenye fulana. Ni marefu mno, yana maswali mengi mno, na hayana sentensi moja ya kuyafunga. Nashawishika kusema ndiyo sababu dunia inamkumbuka zaidi wa mwisho kuliko wa kwanza.

Nataka sasa nieleze kwa nini jambo hili linanikera zaidi ya kawaida ya mwanafunzi wa fasihi.

Binti mmoja tuliyeanza naye shahada hii aliondoka muhula wa tatu. Mama yake alipata kiharusi, na katika watoto wanne yeye ndiye pekee asiye na ndoa wala ajira ya kudumu, kwa hiyo ikaonekana wazi nani atarudi nyumbani kuuguza. Alipokwenda kuaga, mhadhiri mmoja alimkumbusha Akhwari. Kwa nia njema kabisa, sina shaka. Akamwambia kwamba hata yule aliyevunjika goti alimaliza. Rafiki yangu alinisimulia tukiwa tunafunga mabegi yake, akicheka kidogo. Kisha akauliza, "Hivi huyo Akhwari aliporudi kwao Mbulu, shamba lilikuwa limelimwa na nani?"

Sijapata swali bora zaidi la kihakiki juu ya sentensi ile, hata darasani. Kwa sababu sentensi inaishia kwenye mstari wa mwisho wa uwanja, na mtu haishii hapo. Akhwari alirudi Mbulu, akaishi huko na mke na watoto sita, akilima. Nishani ya kitaifa aliipata mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Mwaka 2000 alialikwa kwenye Olimpiki ya Sydney, na mwaka 2008 alikuwa balozi wa heshima wa michezo ya Beijing na miongoni mwa waliokimbiza mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alichezea mbali, na sehemu kubwa ya kutunzwa kwake ilikuja kutoka mbali pia, kwa watu waliompenda kupitia filamu.

Sentensi inasema nchi ilituma. Haisemi nchi ilipokea. Kiswahili kingetutaka tuulize vyote viwili, maana mtoto uliyemtuma dukani akirudi amejikwaa na kutokwa damu, humwambii kwamba amekuwa mfano wa kuigwa; unaweka maji motoni kwanza.

Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ina hadithi nyingine ndani yake, na ni ya jirani. Ondoa maili, ondoa mbio, bakiza maneno haya: nchi yangu haikunituma. Hiyo ni habari ya Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 Karatu, si mbali na kwao Akhwari. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, kwenye fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola, alifanya jambo ambalo waliojua mbio hizo walilikanya: alitoka mbele tangu mwanzo na akakataa kurudi nyuma. Desturi ilikuwa kujificha ndani ya kundi, kumwachia mwingine upepo, halafu kuchomoka mwishoni. Bayi aliuchukua upepo wote peke yake. Kwenye mita za mwisho John Walker wa New Zealand, akiwa nyumbani kwake, alimsogelea kweli. Ukitazama picha unaona pengo linapungua na unaogopa hata kama matokeo unayajua. Lakini Bayi hakupitwa. Muda wake ulikuwa dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker wa pili naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata, mwezi Mei, mjini Kingston, Bayi akachukua na rekodi ya maili, 3:51.0. Miezi mitatu baadaye Walker akaichukua kwa 3:49.4. Dunia nzima ikawa inaisubiri Montreal 1976, Bayi na Walker.

Haikutokea. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi mwezi Juni. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa. Nchi zaidi ya 20, Tanzania ikiwemo, zikasusia. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500 kwa 3:39.17, sekunde 7 nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Ni kweli mbio za fainali hazikimbiwi kwa kuangalia saa, na wapo wanaoandika kwamba malaria ilikuwa imemdhoofisha Bayi mwaka ule. Naielewa faraja iliyomo katika maelezo hayo. Yanatuondolea swali la gharama.

Mimi naamini Tanzania ilikuwa sahihi. Ningekuwa mtu mzima mwaka 1976 ningeunga mkono, na leo naunga mkono. Lakini uamuzi sahihi nao una ankara, na ankara hii haikugawanywa kwa watu wote waliopiga makofi. Ilipelekwa kwa vijana wachache waliokuwa kwenye ubora wao, na ubora wa mita 1,500 haudumu. Akhwari alilipa kwa goti mbele ya kamera, na tunamjua. Bayi alilipa kwa kubaki nyumbani, na kubaki nyumbani hakuna picha. Hakuna kipande cha filamu cha mtu asiyeingia uwanjani. Ndiyo maana kama tungetaka kweli kuwafundisha watoto maana ya kutumwa na nchi, hadithi ya Bayi ingekuwa na mafunzo mazito zaidi: kuna wakati nchi inakutuma ukae.

Mwaka 1980 Moscow alipata medali ya fedha, safari hii mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Alikimbia vilevile kama Christchurch, mbele ya wote, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita kwenye mzunguko wa mwisho. Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000. Hadi leo hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Ajabu ni kwamba ukiuliza darasani, wengi watakutajia wa 57 wa Mexico kabla ya wawili wa Moscow.

Kuna atakayeniambia kwamba taifa maskini linahitaji hadithi ya kushindwa kwa heshima, maana ndiyo hali yake. Nimelifikiria hilo. Jibu langu ni kwamba hadithi hiyo tunayo na ni nzuri, lakini ikiwa peke yake inatufundisha kupunguza tunachokitaka. Inamwambia kijana wa Mbulu kwamba dunia itampenda zaidi akichechemea. Na inampa mtu aliyekaa ofisini ruhusa ya kutouliza kambi ya mazoezi ilikuwaje, chakula kilikuwaje, daktari alikuwa wapi, ilimradi mwanariadha amalize na aseme neno zuri.

Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho iamue, na pengo lilikuwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nilifurahi kama kila mtu. Kisha nikaanza kusoma yaliyoandikwa kumhusu, nikiangalia kama tutajua kumsimulia mtu ambaye hakuanguka: alipangaje kilomita ya 35, aliamua lini kusogea, ameishije miaka 8 tangu shaba yake ya London 2017. Niliyoyaona mengi yalikuwa pongezi. Pongezi ni nzuri, lakini mtu hawezi kujifunza kukimbia kutokana na pongezi.

Siku nikipewa kuandika sura ya Akhwari kwa ajili ya kitabu cha shule, nitaanzia Edinburgh, Julai 1970, kilomita za mwisho, mtu wa Mbulu akiwa wa tano duniani mwa Madola na wanne tu mbele yake. Mexico itakuja ukurasa wa pili, pamoja na goti, na sentensi yake nitaiandika bila hesabu ya maili.